MAHANDAKI YA JUA NA KUMBUKUMBU YA SHULE YETU

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule)



Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya safari yangu ya masomo nchini Marekani, mwezi Juni mwaka 2022. Juu ya masomo yenyewe sitasema mengi. Yalihusu matunzo ya barabara, na taarifa yake iko kwa wakubwa wangu wa kazi. Nimechagua kuzungumza juu ya kitu nilichokiona siku za mapumziko, kwa sababu kinahusu ajenda namba 4 ya mkutano wetu wa leo. Ajenda hiyo inauliza: je, katika kutimiza miaka 60 ya shule hii, tujenge kumbukumbu ya namna gani?

Najua maoni yamegawanyika. Wako wanaotaka mnara wa marumaru penye lango, wenye majina ya waliochanga. Wako wanaosema fedha yote iende kwenye tangi la maji na paa la bweni. Mimi sikuja kuwapatanisha. Nimekuja kueleza nilichokiona, halafu nitoe pendekezo, nanyi mtaamua.

Huko tulikuwa tumefikia Salt Lake City, mji mkuu wa jimbo la Utah. Magharibi ya mji huo kuna ziwa kubwa la maji ya chumvi lisilo na mto unaotoka, na baada ya ziwa ni tambarare nyeupe ya chumvi iliyo ngumu kama sakafu. Unafuata barabara kuu kuelekea magharibi, unaipita tambarare hiyo, unaingia jimbo la Nevada, kisha unageuka kaskazini na kurudi Utah kwa upande mwingine. Baada ya saa nne hivi za mwendo wa gari unaiacha lami na kuingia barabara ya changarawe. Hakuna duka, hakuna kituo cha mafuta, wala bomba la maji. Palikuwapo kijiji cha reli kiitwacho Lucin, lakini watu wake wamekwisha kuhama. Treni za mizigo zinapita tu. Aendaye huko huchukua maji yake, mafuta yake na gurudumu la akiba, kama vile sisi tunavyokwenda kukagua barabara za mikoani wakati wa masika.

Katika bonde hilo la vichaka vya kijivu, lililozungukwa na milima mbali kabisa, utaona vitu vinne vya mviringo. Kwa mbali havina fahari. Mtu wa kazi yangu anapoviona husema mara moja: makalavati! Na kwa kweli ndivyo yalivyo. Ni mabomba manne ya zege, kila moja lina urefu wa mita 5.5, na kimo chake cha nje ni karibu mita 2.8. Ukuta wake una unene wa sentimita 18 hivi, na uzito wa kila moja ni tani 22. Mtu mrefu anaingia ndani na kusimama bila kuinamisha kichwa. Yamelazwa juu ya ardhi kwa umbo la herufi X, na kutoka ncha moja ya herufi hiyo hadi ncha ya pili ni mita 26.

Jina lake ni Sun Tunnels, yaani Mahandaki ya Jua. Aliyeyafanya ni msanii Nancy Holt, aliyezaliwa mwaka 1938 katika jimbo la Massachusetts na kufariki mwaka 2014. Wadogo zangu wa mchepuo wa sayansi watafurahi kusikia kuwa chuoni alisomea baiolojia. Mwaka 1974 alinunua ekari 40 za jangwa hilo, na kazi ikakamilika mwaka 1976.

Sasa, kwa nini herufi X? Jibu liko katika jiografia tuliyofundishwa humu. Jua halichomozi mahali pamoja mwaka mzima. Mwezi Juni huchomoza upande wa kaskazini ya mashariki halisi, na mwezi Desemba upande wa kusini. Kule Lucin, ambako ni latitudo 41 kaskazini, jua husogea kiasi cha digrii 32 kila upande wa mashariki. Holt aliyalaza mabomba yake katika mistari miwili. Mstari wa kwanza unaelekea mahali jua linapochomoza katika siku ndefu kuliko zote za mwaka, na ncha yake ya pili inaelekea mahali linapotua katika siku fupi kuliko zote. Mstari wa pili unashika machweo ya siku ndefu kwa ncha moja na macheo ya siku fupi kwa ncha nyingine. Basi mistari miwili imeshika nyakati nne. Hesabu hiyo ni ya Kidato cha Nne, ila imeandikwa kwa tani 88 za zege.

Tena si hayo tu. Mgongoni mwa kila bomba yametobolewa matundu, na matundu hayo yamepangwa kwa mfano wa kundi la nyota. Bomba moja lina nyota za Joka, jingine Perseus, jingine Njiwa, na la nne lina kundi ambalo wazee wa pwani yetu katika elimu ya falaki wanaliita Jadi. Matundu yana ukubwa wa namna nne kufuatana na mwangaza wa nyota zenyewe. Mchana jua linapita katika matundu hayo na kuangusha vipande vya mwanga ndani ya bomba, navyo vinatambaa ukutani na sakafuni kadiri jua linavyosogea. Unajikuta umesimama kivulini katikati ya mchana, na nyota ziko chini ya miguu yako.

Mimi na wenzangu watatu tulifika alasiri, siku chache kabla ya tarehe 21 Juni. Joto lilikuwa kali, lakini ndani ya bomba palikuwa na ubaridi wa kupendeza kwa sababu ya unene wa zege. Tulikaa humo tukala mikate yetu. Wageni wengine walikuwa wachache, na hakuna aliyepiga kelele. Kwa saa za huko jua hutua yapata saa 3 usiku wakati wa Juni, jambo ambalo sisi watu wa karibu na ikweta tunaliona kama kioja. Ilipokaribia saa hiyo kila mtu alikwenda upande wa kusini-mashariki na kutazama kupitia mabomba mawili yaliyofuatana. Jua lilishuka polepole mpaka likaingia katika duara la mwisho, likajaa humo kama kiini cha yai, na zege lote la ndani likawa jekundu. Halafu likazama nyuma ya milima. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akilalamika njia nzima juu ya vumbi hakusema neno hadi tulipofika kwenye lami.

Ndugu Mwenyekiti, jambo lililonigusa zaidi ni namna kazi hiyo ilivyofanyika. Mtu anaweza kudhani msanii hukaa peke yake na brashi. Holt hakuweza kuinua tani 22 kwa mikono yake. Alihitaji wahandisi, mtaalamu wa elimu ya nyota wa kuhakiki hesabu za jua, mpima ardhi wa kupigilia mambo mahali penyewe, wafanyakazi wa kiwanda cha mabomba ya zege, mafundi wa kutoboa matundu, wachimbaji, madereva wa malori na mwendesha kreni. Yeye mwenyewe baadaye aliwaorodhesha watu hao kwa kazi zao katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1977. Kwangu mimi hilo ni fundisho. Mpima ardhi angekosea digrii mbili tu, jua lingetua kando, na leo pangekuwapo makalavati manne yaliyotupwa porini. Uzuri wote ule umesimama juu ya kipimo kilichochukuliwa kwa uangalifu.

Sasa nije kwenye lawama, kwa maana lawama ipo, na ni ya haki. Tukiwa pale, mwenzetu mmoja kutoka nchi yenye hali kama yetu alipiga zege kwa kiganja akasema: "Kwetu kijiji kizima kinangoja kalavati moja ili watoto wavuke kwenda shule. Hawa wanayo manne ya kutazamia jua!" Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kichungu. Mimi ninayashughulikia maombi ya vijiji hivyo kila mwaka wa fedha, na najua ni mangapi hurudishwa kwa maneno "fungu halitoshi".

Nimelifikiri swali lake tangu siku ile. Nilionalo ni hili. Kwanza, ardhi ile Holt aliinunua mwenyewe, na hakuna daraja lililokosa zege kwa ajili yake. Pili, watu wenye shida hawajapata kuacha kutengeneza mambo ya kutazamwa. Babu zetu wa Kondoa walichora katika miamba, na ninaamini hawakungoja njaa iishe ndipo wachore. Lakini tatu, na hapa namwunga mkono mwenzangu yule, fedha ya umma au ya michango inapotumika, anayejenga kitu cha kutazamwa ana wajibu wa kueleza kitamfaa nani, na nani atakitunza. Asiyeweza kuyajibu hayo asijenge.

Juu ya matunzo, niruhusuni nitoe mfano wa pili. Mume wa Holt aliitwa Robert Smithson. Mwaka 1970 alijenga katika ziwa lile la chumvi njia ya mawe meusi na udongo iliyojiviringa kama konokono, yenye urefu wa mita 457 na upana wa mita 4.6. Inaitwa Spiral Jetty. Mwaka 1973 Smithson alifariki kwa ajali ya ndege huko Texas alipokuwa akikagua mahali pa kazi nyingine, akiwa na umri wa miaka 35, na mjane wake pamoja na marafiki wakaimalizia kazi hiyo. Ile njia ya mawe nayo ilifunikwa na maji miaka michache tu baada ya kujengwa, ikakaa chini ya ziwa kwa muda mrefu, na mwaka 2002 ikaanza kuonekana tena, mawe yake yamevaa chumvi nyeupe.

Nilikwenda kuiona pia. Mwaka 2022 unatembea juu yake kwa viatu vikavu, na maji yenyewe yako mbali, ng'ambo ya uwanda wa mchanga na chumvi. Ziwa limepungua sana. Sababu kubwa ni kwamba mito inayolilisha imegawanywa kwa mashamba na miji kabla ya kufika, na ukame umeongeza. Mwezi Novemba mwaka huo kina chake kilishuka chini kuliko wakati wowote tangu vipimo vianze karne ya 19. Wenyeji wanaogopa vumbi la sakafu ya ziwa, ambalo lina sumu ya aseniki, lisije likapeperushwa hadi mjini. Basi njia iliyojengwa ili izungukwe na maji imegeuka kijiti cha kupimia maji yaliyokwenda. Hakuna aliyekusudia hivyo, lakini kila aendaye pale anaona kwa macho yake jambo ambalo takwimu zilikuwa zikilisema miaka mingi bila kusikilizwa.

Kazi zote mbili sasa ziko mikononi mwa taasisi moja ya sanaa, Dia Art Foundation. Ile ya ziwani iliipokea mwaka 1999, na Mahandaki ya Jua mwaka 2018. Maana yake ni kwamba yuko anayeulizwa zege likipasuka. Waulizeni wenzenu walioko katika halmashauri: ni minara mingapi ya uzinduzi imesimama nchini ambayo hakuna anayejua ufunguo wa uzio wake uko kwa nani?

Ndugu zangu, sasa pendekezo langu.

Tangi la maji litangulie. Hilo silijadili. Kijana hawezi kutafakari jua ikiwa tangu asubuhi yuko kwenye foleni ya ndoo. Paa la bweni lifuate. Lakini kwa kile kitakachobaki, hata kikiwa kidogo, tusijenge mnara wa majina. Majina yetu yako katika daftari la shule, na yatosha. Tujenge kitu kitakachomfundisha mwanafunzi mahali aliposimama duniani.

Wala tusiige ya Utah. Anga letu si lao. Hapa tuko karibu latitudo 6 kusini, na jua letu husogea digrii 23 na nusu tu kila upande wa mashariki. Lakini sisi tunacho kitu ambacho watu wa Utah hawajapata kukiona kwao na hawatakiona. Kule, hata katika siku ndefu kuliko zote, jua la adhuhuri halifiki utosini, linabaki limeinama. Hapa kwetu jua hupita juu kabisa ya vichwa mara mbili kila mwaka, yapata tarehe 5 Machi na tarehe 8 Oktoba. Siku hizo, jua lifikapo kilele chake, kijiti kilichosimamishwa kwa timazi hukosa kivuli. Mimi nilisoma hapa miaka yangu yote na sikuonyeshwa jambo hilo hata mara moja, ingawa lilitokea juu ya uwanja wa gwaride tukiwa tumesimama mistarini.

Kwa hiyo kalavati la Holt limelala, la kwetu na lisimame. Bomba moja la zege, lenye upana wa mita moja na kimo cha mita 3, lisimamishwe kwa timazi katika uwanja wa nyuma ya maabara, na liwe na tundu la kuchungulia upande wa chini na nondo juu ili mtoto asitumbukie. Siku nyingine zote kivuli cha mdomo wake kitakuwa kimeegemea upande mmoja wa ndani. Katika siku zile mbili, mwanga wa jua utashuka hadi sakafuni na kujaa duara lote. Siku moja kabla au baada, mwanga huo utakuwa umesogea kiasi cha sentimita 2. Mwanafunzi atakayechukua rula na kuipima hiyo sentimita 2 atakuwa ameupima mwendo wa dunia kulizunguka jua, na hakuna maksi za mtihani zinazoweza kumnyang'anya jambo hilo.

Gharama? Kandokando ya barabara nyingi za ujenzi yako mabomba yaliyokataliwa na wakaguzi kwa sababu ya nyufa. Hayafai kubebeshwa lori, lakini yanaweza kusimama. Hata hivyo nasema wazi mbele ya mkutano huu: tusilichukue kwa ujamaa wa kuniona mimi niko ofisini. Mkuu wa Shule aandike barua, mwenye mali ajibu kwa maandishi, na stakabadhi iwekwe katika faili. Kumbukumbu ya shule isianze kwa dosari.

Na kabla ya senti moja kutumika, vijana wapime. Ninyi wadogo zetu, kesho adhuhuri simamisheni kijiti, na kila Jumatatu wekeni alama mwisho wa kivuli chake saa ile ile. Andikeni katika daftari tarehe na urefu. Wakimaliza Kidato cha Nne wawakabidhi Kidato cha Tatu. Mkifanya hivyo kwa miaka miwili, ninyi ndio mtakaotuambia pa kulisimamisha bomba, na sisi wenye matumbo tutatii. Pengine mawingu ya Machi yatawanyima siku moja, Oktoba itawalipa. Na ikiwa baada ya miaka miwili daftari litakuwa limepotea, basi tutakuwa tumejua kwa bei ya kijiti kimoja kwamba shule haikuwa tayari kwa kumbukumbu yoyote, ya zege wala ya marumaru.

Ndugu Mwenyekiti, naomba ajenda namba 4 iahirishwe kwa miaka miwili, fedha ya tangi ipitishwe leo, na ukurasa wa kwanza wa daftari la kivuli ufunguliwe kesho na mwalimu wa jiografia. Mimi nitaleta timazi.